Sura ya Sayyidna Hamza

Ndugu msomaji, ukiitazama pamoja na wanao filamu ya "The Message" ya mwaka 1976, utaisifu kwa adabu yake: Mtume (s.a.w.) haonekani, wala sauti yake haisikiki. Lakini Sayyidna Hamza (r.a.) aonyeshwa kwa sura ya mwigizaji, na mtoto akilisikia tena jina hilo, humwona mwigizaji. Basi mweleze kwamba Moustapha Akkad alitengeneza filamu mbili za kisa hicho: katika ile ya Kiingereza Hamza ni Anthony Quinn, katika ya Kiarabu ni Abdullah Gaith. Sura mbili, wala hata moja si yake. Kisha zima televisheni, ufungue kitabu cha sira, msome pamoja.