Kidole Gumba cha Ekalavya

Wapo wahakiki wa Bhagavad Gita ambao huitafsiri dhana ya dharma kwa neno 'wajibu' na kuliacha hapo, kana kwamba kazi imekwisha. Haijaanza. Wajibu, jinsi neno hilo lilivyopokewa katika Kiswahili kutokana na sheria ya Kiislamu, humfunga kila mtu mzima mwenye akili timamu. Halimwulizi babaye nani. Dharma ya Gita huanza na swali hilo hilo. Sura ya 18 inagawanya kazi baina ya Wabrahmana, Wakshatria, Wavaishya na Washudra, kisha inaamua kwamba ni heri mtu kuitenda kazi yake kwa upungufu kuliko kuitenda ya mwenziwe kwa ustadi.

Watetezi hukimbilia sura ya 4, isemayo kwamba varna hizo nne ziligawanywa kwa kufuata sifa na matendo. Hoja hii ingekuwa na uzito lau Gita isingekuwa sehemu ya Mahabharata. Katika utendi huo huo yumo Ekalavya, kijana wa Kinishada, ambaye Drona alikataa kumfunza upigaji mishale kwa sababu ya asili yake. Kijana akafinyanga sanamu ya Drona kwa udongo, akajifunza mbele yake, hata akaweza kukijaza kinywa cha mbwa aliyebweka mishale saba. Sifa alikuwa nazo, matendo yalionekana. Drona, aliyekwisha kumwahidi Arjuna kwamba hakuna mwanafunzi atakayemshinda, alimdai kidole gumba cha mkono wa kulia kuwa ada ya mafunzo ambayo hakuyatoa.

Kuuita mkasa huu mfano wa utiifu ni kumshikia Drona kisu. Wala wanaouona kuwa mgogoro wa kitabaka tu hawajafika mbali: babake Ekalavya alikuwa mkuu wa Wanishada, si fukara. Kizuizi kilikuwa nasaba. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Wamahar waliohesabiwa najisi, alilielewa hili kuliko wahakiki wengi. Tarehe 25 Desemba 1927, huko Mahad, yeye na wafuasi wake waliichoma Manusmriti hadharani. Na katika Annihilation of Caste (1936) alishikilia kwamba mfumo huo haung'oki maadamu maandiko yanayouhalalisha yameachiwa utukufu wake. Gandhi alimjibu kwa kuitetea varna kuwa ni kazi za urithi zisizozidiana kwa heshima.

Utendi wenyewe ni mkweli zaidi. Unaeleza kwamba Ekalavya aliendelea kupiga mishale kwa vidole vilivyobaki, ila si kwa kasi ya awali, na kwamba Arjuna alitulia moyo.