Tanga si jangwa, na mimi sijarudi utotoni

Kimya kingi mnisamehe, kazi zimenibana. Leo nimekuja na hasira, vuteni viti.

Juzi Ami alinipigia. Kaambiwa na mtu aliyepita hapa Braamfontein kwamba usiku najifungia chumbani kupaka rangi vipande vya mpira. "Umri huo bado unachezea matope?" Nilicheka, ila lilinichoma, na najua hapo barazani wapo wengine wenye maneno hayo hayo.

Mchezo wenyewe ni wa vita, unachezwa mezani kwa dadu, visanamu vya askari na futikamba. Watoto hawakuuanzisha: maafisa wa jeshi la Prussia walifundishiwa mchezo wa namna hii tangu miaka ya 1820. Barabara, mito na mashamba ni vipande vya mpira laini, unavilaza hata juu ya kilima visivunjike. Usipoviosha kwa sabuni ya vyombo, mafuta ya kalibu yanabaki na rangi inabanduka. Ukipulizia rangi ya kopo, inaweza kunata isikauke kabisa. Mimi natumia akriliki, nyembamba, tabaka juu ya tabaka, halafu nakikunja kipande. Rangi ikipasuka, naanza upya. Mto mmoja uliniharibikia hivyo, kazi ya siku tatu, sitaki hata kuusimulia.

Lakini hasira si ya Ami. Wenzangu ninaocheza nao Jumamosi, karibu na Chuo cha Wits, waliandaa vita vya Tanga vya Novemba 1914. Mnavijua: jeshi la Waingereza kutoka India, watu kama 8,000, lilishuka Raskazone likatimuliwa na Lettow-Vorbeck mwenye askari kama 1,000, na nyuki nao wakaingia vitani. Nafika, nakuta meza nzima ya njano. Mchanga mtupu! Barabara njano, mashamba njano, na mti mmoja wa miiba. Nikauliza, hapa ni wapi? Nikajibiwa, "Afrika." Na waliojibu wamezaliwa Afrika hii hii!

Tanga, mwezi wa vuli, jangwa? Walipigana kwenye mashamba ya mpira na minazi na vichaka, vikosi vikapotezana humo. (Ndiyo, napaka mpira uwe shamba la mpira. Chekeni.) Ukipaka njano, mtu anaonekana toka mbali, na kushindwa kule hakueleweki tena. Wanasema rangi ni pambo tu. Uongo. Rangi ndiyo inayosema nani anaonekana na nani haonekani.

Na ni hao hao, tulipocheza kampeni ya 1916, Smuts na jeshi la Afrika Kusini walipoingia kwetu, hawakuweka mpagazi hata mmoja mezani. Eti hawapigani. Haya, risasi na unga vilibebwa na nani? Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kuwa kama 95,000, wengi kwa maradhi, na wengi hawana kaburi lenye jina. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika hawa hawakuenziwa kama wengine. Sisi tumebaki na jina la Kariakoo, tunapita hapo kununua mashati.

Basi vipande vyote vya njano nimevibeba, viko chini ya kitanda changu. Ama vinarudi mezani na kijani cha kwetu na wapagazi njiani, ama sichezi. Mmoja kanuna, anasema naleta siasa. Anune.

Shida yangu ni udongo. Kichwani nauona mwekundu, lakini na huku Johannesburg ni mwekundu, nahofia nimechanganya. Aliyeko Raskazone anipigie picha mvua ikishakatika. Si bahari, ardhi, chini ya minazi. Ami, wewe ndiye uko karibu.