Furaha Isiyoacha Deni

Kila mwaka, siku kuu ikaribiapo, hesabu ya namna moja hufanywa katika nyumba nyingi za makarani na wakulima wa Kenya. Baba huketi mezani usiku, watoto wakiwa wamekwisha lala, akaandika kwenye karatasi: nauli, nguo mpya, nyama, soda, na kiingilio cha mahali palipotangazwa kuwa pana michezo ya kila namna. Akijumlisha, jumla huupita mshahara. Hapo huona njia mbili tu mbele yake. Ya kwanza ni kukopa, akaingia mwezi wa Januari na deni mkononi na karo ya shule mlangoni. Ya pili ni kuwaambia watoto kwamba mwaka huu hakuna kwenda mahali, kisha yeye mwenyewe akatoka kukaa na wenziwe hata usiku.

Njia zote mbili ni mbaya, na ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Deni hulipwa likaisha, lakini mtoto wa miaka minane hawi wa miaka minane mara ya pili. Hata hivyo iko njia ya tatu, nayo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji mambo matatu: siku moja ya baba, chakula cha nyumbani, na mahali palipo wazi kwa watu wote.

Karani mmoja wa Nairobi, mwenye watoto watatu, alijifunza jambo hili kwa gharama. Krismasi moja alikopa shilingi 6,000 katika chama chake, akaipeleka jamaa yake mahali pa michezo ya kulipia. Walisimama katika foleni saa nzima ili wazungushwe kwa dakika chache. Kila walipogeuka palikuwa na kitu kinachouzwa, na yule mtoto mdogo alilia kwa kila alichokiona akakikosa. Jioni, walipokwisha rudi nyumbani, mama yao akawauliza ni jambo gani lililowapendeza zaidi siku ile. Mtoto mkubwa akafikiri kidogo, akajibu, "Ni pale tulipokaa kwenye nyasi tukingoja basi, tukala viazi vya mama, na baba akatufundisha kupiga mbinja kwa jani."

Baba yake akanyamaza. Lile jani halikuwamo katika hesabu yake. Deni la siku ile alilimaliza mwezi wa Aprili.

Siku kuu nyingine ilipokaribia, mkewe akamwambia, "Baba watoto, safari hii tuanze na nyasi." Wakaamka mapema, wakafunga chapati, mayai ya kuchemsha na viazi vitamu, wakatia chai ya maziwa katika chupa, wakapanda matatu mpaka mjini, na kutoka hapo wakaenda kwa miguu mpaka shamba la miti liitwalo Arboretum. Kiingilio kilikuwa kidogo. Watoto walipewa kazi ya kutafuta majani kumi yasiyofanana, nao wakayapata kabla ya saa sita. Kima mmoja akashuka mtini akanyakua chapati ya baba mkononi mwake, na habari hiyo ikasimuliwa nyumbani mwezi mzima. Hakuna aliyelia.

Yafaa watu wajue kwamba mahali pa namna hiyo hapakuota penyewe kama magugu. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili ijaribiwe miti iwezayo kukua upesi, kwa kuwa magari ya moshi ya siku zile yalikula kuni nyingi. Leo magari hayo hayatumii kuni tena, lakini miti imebaki, na kivuli chake ni cha kila mtu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1906, mfanya biashara Alibhai Mulla Jeevanjee alifanyiza bustani katikati ya mji, akawapa watu wa Nairobi. Hata leo bustani hiyo yaitwa kwa jina lake, na kila siku mchana watu huketi humo kupumzika, wengine kuhubiri, wengine kubishana habari za siasa. Bustani ya Uhuru nayo ilifunguliwa mwaka 1969 na Rais Jomo Kenyatta, na tangu siku hizo watoto wa mitaa ya mbali wamekuwa wakiletwa hapo ili wapande mashua ziwani na kubingirika kwenye mteremko wa majani.

Lakini neno hili "bure" lataka kuangaliwa vizuri. Kitu ambacho mtu mmoja hukipata bure, mara nyingi mwingine amekwisha kukilipia. Mwaka 1989 ulitolewa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru. Profesa Wangari Maathai akapinga, akaandika barua kwa wakubwa wa nchi na kwa wengine walio ng'ambo. Alitukanwa hadharani na kudharauliwa kwa kuwa ni mwanamke, lakini hakuacha, na mwishowe mpango ule ukaachwa. Mwaka 1991 ikawa zamu ya bustani ya Jeevanjee: ilitakiwa pajengwe mahali pa kuwekea magari. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akasimama pamoja na watu wa mji, na bustani ikaokoka. Kisha mwezi wa Januari 1999, Profesa Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu wa kujenga, walipigwa na walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Alifariki mwaka 2011.

Msitu huo wa Karura una ekari zaidi ya 2,500. Jamaa iendayo huko kwa kiingilio cha kadiri huona maporomoko ya maji, mapango, mianzi, na njia ndefu ambazo mtoto aweza kukimbia bila kuogopa motokaa. Baba asimamapo hapo na watoto wake anayo habari ya kuwasimulia, tena ya kweli, wala haiuzwi dukani. Naye ajue kwamba kwenda kwake ni kazi ya ulinzi pia. Uwanja usio na watu huonekana kama uwanja usio na mwenyewe, na uwanja usio na mwenyewe haukosi mtu wa kuutia uzio. Uwanja uliojaa watoto kila Jumapili, hata mwenye tamaa huona haya kuugusa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watu wa Nairobi, na kwamba mkulima aliye mbali hana bustani wala msitu wa kutembelea. Hao na watazame mji wa Lamu, ambao hauna bustani kubwa, na njia zake nyingi ni nyembamba hata motokaa haziwezi kupita. Hata hivyo watu husafiri kutoka pwani yote, na hata kutoka ng'ambo, ili wawe Lamu katika siku za Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita. Sherehe hizo zilipata sifa kwa kazi ya Habib Saleh, mwanachuoni wa asili ya Ngazija, aliyehamia Lamu katika karne ya 19 na kuanzisha msikiti na chuo cha Riyadha. Alikuwa na desturi ya kuwafundisha hata wale waliodharauliwa na wakubwa wa mji, na kuwakaribisha maskini sawa na matajiri. Maulidi aliyoyastawisha yalifuata desturi hiyo: husomwa kwa pamoja, kwa dufu na kwa sauti za watu wote.

Pamoja na ibada, siku hizo huwa na michezo. Hapo ndipo penye fundisho kwa mkulima. Watu wa Lamu hawakuagiza vyombo vya michezo kutoka mbali. Punda achukuaye mchanga na mawe siku zote ndiye apandaye vijana siku ya mashindano, wakikimbia ufuoni mbele ya umati wa watu. Jahazi livuliwalo samaki na kuchukuliwa mizigo ndilo lishindanalo matanga baharini. Wavuta kamba huvuta kamba, waogeleaji huogelea, wazee huketi na bao lao. Mtazamaji husimama ufuoni, wala hakuna amwombaye tikiti. Yule kijana ashindaye hushinda kwa ustadi wa kazi yake mwenyewe, mbele ya baba yake na jirani zake. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa, na hapo neno hilo laonekana kwa macho.

Basi mkulima wa Nyandarua au wa Bungoma hana jahazi, lakini hakosi vyombo vyake. Anao uwanja wa shule, ambao siku za likizo hukaa mtupu. Iko kamba ya kufungia ng'ombe, yako magunia ya kukimbilia, uko mpira wa vijana, ziko nyimbo za akina mama. Wanakijiji kumi wakikubaliana siku moja, kila nyumba ikaleta chungu chake cha chakula, sherehe imekwisha patikana. Wala si lazima wangoje siku hiyo tu. Shule nyingi huandaa nyimbo na ngoma kwa ajili ya Mashindano ya Muziki ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1927, na mzazi aendaye kumsikiliza mwanawe humpa zawadi iliyo kubwa kuliko nguo mpya. Kadhalika tarehe 1 Juni, tarehe 20 Oktoba na tarehe 12 Desemba, katika viwanja vingi vya serikali huwa na gwaride, kwaya na ngoma za kienyeji, wala hakuna kiingilio.

Tena iko safari iliyo nyepesi kuliko zote, nayo ndiyo inayosahauliwa upesi: kuwapeleka watoto kwa nyanya yao. Mtoto aliyezaliwa mjini aweza kujua majina ya wachezaji wote wa mpira wa Uingereza, asijue jina la mto ambao babu yake alinyweshea mifugo. Baba akimshika mkono akamwonyesha mto huo, mpaka wa shamba, na mti uliopandwa siku aliyozaliwa shangazi yake, amemfurahisha na kumfundisha kwa safari moja.

Ziko kanuni chache ambazo zafaa kufuatwa na kila mwenye kutaka furaha ya namna hii. Kwanza, nauli ihesabiwe kabla, tena ya kwenda na ya kurudi, kwa maana siku kuu nauli hupanda ghafula. Pili, ulizo lifanywe mapema kuhusu kiingilio na saa za kufunga, kwa kuwa mambo hayo hubadilika. Tatu, chakula na maji ya kunywa vitoke nyumbani, maana fedha nyingi za matembezi huishia kwa wachuuzi. Nne, takataka zote zirudi katika mfuko zilimotoka. Mtu hatupi maganda sebuleni kwake, na uwanja wa watu wote ni sebule ya watu wote. Tano, nayo ndiyo kubwa, baba asiende na mwili tu huku macho yake yakiwa kwenye simu. Watoto hujua tofauti.

Mama naye asisahauliwe. Ni jambo la kawaida jamaa ikatembea, baba akapumzika, watoto wakacheza, na mama akapika tangu alfajiri, akagawa, akaosha, akarudi nyumbani amechoka kuliko siku ya kazi. Hiyo si siku kuu kwake. Yule karani wa Nairobi siku hizi humenya viazi mwenyewe usiku wa kuamkia safari, na watoto hubeba vyombo. Majirani walicheka mwanzoni. Sasa wawili kati yao huandamana naye, kila mmoja na jamaa yake na kikapu chake.

Mwaka uliopita karani huyo aliketi tena mezani na karatasi yake. Aliandika nauli, kiingilio, unga, mayai, viazi. Jumla haikufika shilingi 1,500, na fedha hizo alikuwa nazo. Januari ilipofika alilipa karo kwa siku yake, wala hakuna mtu aliyebisha mlangoni kumdai.

Siku kuu nyingine haiko mbali. Kila mwenye watoto na aanze sasa kuuliza ni uwanja gani ulio wazi karibu naye, na ni siku gani atakayoitoa. Akiipata siku hiyo, asimpe mtu mwingine.