Haikuwa pepo, haikuwa kijana



Leo sina somo refu. Nina maungamo, na nina maoni ambayo najua baadhi ya wazee wangu hawatayapenda.

Mliokuwa ibadani Jumapili zile tatu mnakumbuka ile sauti. Gitaa la besi lilikuwa linakoroma kama matatu iliyotoboka ekzosi. Kijana wetu akigonga uzi mnene, spika zinakwaruza hadi akina mama wa viti vya mbele wanaziba masikio. Jumapili ya kwanza nilimpa ishara ya mkono apunguze. Ya pili nikamsema kwenye maikrofoni, mbele ya kanisa zima, kwamba madhabahu si disko. Ya tatu hakuja. Tukampa mwingine gitaa lile lile, na likakoroma vile vile. Hapo ningeshtuka, lakini wapi. Waombezi wakaombea mitambo, mzee mmoja akatoa hoja tuchangie spika mpya, na mimi nikaitikia amina.

Jumatano akaja fundi wa stima kututengenezea taa. Akaliona gitaa pale jukwaani, akauliza, "Pasta, betri ya hili gitaa mlibadilisha lini?" Nikacheka, nikamwambia gitaa halina betri. Akaligeuza, akafungua kifuniko kidogo mgongoni, akatoa betri ya volti 9, zile za mraba. Imekwisha. Akaweka nyingine, akapiga kwa nguvu zake zote, na sauti ikatoka safi kama maji ya mlimani.

Si kila besi ina betri. Lakini yale yanayoitwa magitaa aktivu yana kikuzasauti kidogo ndani, nacho kinakula betri. Betri ikichoka, ukipiga polepole husikii shida. Ukipiga kwa nguvu, umeme hautoshi, kilele cha wimbi la sauti kinakatwa, na ule mkato ndio mkwaruzo. Na tulioimaliza ni sisi. Kwa magitaa mengi ya aina hiyo, kuchomeka waya ndiko kunakokiwasha kile kikuzasauti, hata kama hakuna anayepiga. Sisi tuliacha waya umechomekwa Jumapili hadi Jumapili.

Sasa maoni yangu. Kanisa letu limezoea kuchangisha kabla ya kuchunguza. Zile spika mpya zingekoroma vile vile, kwa sababu zingepokea sauti iliyokwisha kuharibikia kwenye gitaa. Sauti hufuatwa kutoka inakoanzia. Piga gitaa kavu kwanza, bila waya: kama nyuzi zinagonga vyuma vya shingo utasikia hapo hapo, na hilo si la mitambo. Badilisha betri. Badilisha waya. Kisha chomeka kinanda kwenye njia ile ile ya mikisa, upige noti za chini. Kikitoka safi, rudi kwenye gitaa. Kikikwaruza nacho, ndipo uanze kushuku mikisa au spika.

Kuna kosa moja tunalirudia kila wiki, niliseme. Besi ikikwaruza, mtu wetu wa mitambo anashusha kile kitelezi cha chini. Sauti inakuwa ndogo, lakini chafu ni chafu, kwa sababu imeharibikia juu kwenye geini. Mwambie mpigaji apige kwa nguvu kabisa, ushushe geini hadi taa nyekundu ikome kuwaka, ndipo upandishe kitelezi. Na kile kitufe cha besi kisizungushwe hadi mwisho. Uzi mnene wa gitaa hilo unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na spika zetu ndogo zinapambana nao hata bila kuongezewa.

Mtu ataniambia Mungu huangalia moyo, haangalii geini. Amina. Lakini soma 1 Mambo ya Nyakati 25 uone wanahesabiwa watu 288 waliofundishwa kazi ya uimbaji. Kwetu, anayeketi kwenye mikisa ni yeyote aliyewahi kufika, na hatujawahi kumlipia hata siku moja ya mafunzo. Pesa za kuchangia spika tunazipata. Za betri na za kumfundisha mtu, hatujawahi hata kuziweka kwenye bajeti.

Alhamisi nilikwenda kwao yule kijana. Mama yake alinipa chai. Nikamwomba kijana msamaha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Pasta, ile Jumapili ya kwanza nilikuja ofisini nikakwambia shida iko kwa gitaa lenyewe. Ukasema utashughulikia."

Wapendwa, mimi sikumbuki. Lakini mama yake anakumbuka, kwa sababu siku hiyo alirudi nyumbani akiwa na furaha kwamba nimemsikiliza.

Hajasema kama atarudi, nami sikumsukuma. Kwa kuwa nilimkemea hadharani, naandika hapa hadharani kwamba nilikosea, na Jumapili nitasema hivyo kwenye maikrofoni ile ile kabla sijafungua Biblia. Nawaomba msimjazie simu yake ujumbe wa kumbembeleza.

Mchango wa spika umesimama. Mliokwisha kutuma, ongeeni na mweka hazina awarudishie. Na yeyote atakayefunga kanisa usiku, tafadhali achomoe ule waya.