Stelingi nzito? Usiishie kuongeza oili

Gari la zamani linalopeleka watoto shule likianza kuwa na stelingi nzito, inayolia kwenye kona, mzazi asiishie kuongeza oili. Usiku atandike boksi chini ya injini. Doa jekundu au la kahawia asubuhi huashiria uvujaji. Apanguse mipira yote, kisha mwenzake awashe gari na kuzungusha usukani, watoto wakiwa mbali. Panapolowa ndipo panapovuja. Mpira wa kurudisha oili wakati mwingine hupona kwa klipu mpya. Wa presha haufungwi utepe, hubadilishwa. Pampu ikikosa oili hufa, na oili ikidondokea bomba la moshi lenye joto kali inaweza kuwaka. Kabla ya matengenezo, watoto wapande daladala.