Masharti Mlangoni, Mauti Barazani

Sifa zote njema zinamstahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ama baad:

Iko hoja inayopendwa mno na watu wenye paa juu ya vichwa vyao: kwamba mtumiaji wa dawa za kulevya asiye na makazi asipewe pa kulala mpaka aache kwanza. Hoja hii ina sura ya uchaji, lakini ndani yake imo hukumu ya kifo.

Tuitazame ilipofanyiwa kazi. Katika mji wa Grants Pass, jimbo la Oregon, Marekani, waliolala nje walitozwa faini ya dola 295. Nyumba ya hifadhi iliyokuwapo ilikuwa ya jumuiya ya Kikristo, nayo iliwataka wakazi wake wahudhurie ibada na waache hata sigara. Tarehe 28 Juni 2024, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba faini kama hizo si adhabu ya kikatili iliyokatazwa na katiba. Basi aliyeshindwa na masharti ya mlangoni huadhibiwa kwa kulala nje ya mlango!

San Francisco ilijaribu njia nyingine. Machi 2015 ilifungua kituo katika mtaa wa Mission, ambako mtu alipokewa pamoja na mwenza wake, mizigo yake, hata mbwa wake. Vituo vya namna hii havikosi sheria. Ukatili na biashara ya dawa hukatazwa. Kilichoondolewa ni sharti la kuwa safi kabla ya kupewa kitanda. Kweli, mji huo haujamaliza tatizo lake, kwani kitanda cha dharura si nyumba. Lakini aliyelala ndani ameamka.

Watauliza: je, huku si kuhalalisha haramu? Tunajibu: La! Dawa za kulevya ni haramu kabla ya kitanda na baada ya kitanda. Ila uharamu wa kitendo haujapata kuwa ruhusa ya kuiacha nafsi iangamie. Mtume (s.a.w.) aliletewa mlevi aliyerudia kosa mara nyingi. Aliamuru aadhibiwe, na mtu mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza. Ikiwa adhabu yenyewe haikumtoa katika undugu, vipi mlango wetu umtoe?

Fahamuni pia namna mauti yanavyokuja. Heroini ikizidi mwilini hupunguza pumzi mpaka ikakatika. Aliye peke yake gizani hufa. Aliye karibu na mwenye naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini, huweza kurudishiwa pumzi kwa dakika chache, kwa idhini ya Allah.

Nasi hatuko mbali na msiba huu. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Atafikaje kila asubuhi aliyekesha mtaroni akifukuzwa huku na huko?

Enyi waumini! Chumba kimoja cha uani, mikeka, maji, na vijana wawili wa zamu waliofundishwa huduma ya kwanza havizidi uwezo wa jamaa ya msikiti. Tutangulize malazi, nasaha ifuate. Mlango wa toba u wazi maadamu mtu yu hai, maiti hatubu.

Wallahu a'lam.