Jua Halidai, Jiji Linadaiwa

Wahenga walilonga kuwa dawa ya deni ni kulipa. Mnamo Februari 2025, wakazi wa Nairobi walishuhudia dawa nyingine. Kampuni ya Kenya Power ilikata umeme wa makao ya serikali ya kaunti kwa madai ya malimbikizo ya takriban shilingi bilioni 3. Kaunti nayo ikadai takriban bilioni 4.9 kwa ajili ya nyaya zinazopita katika ardhi yake, na malori ya taka yakamwaga shehena mbele ya Stima Plaza. Mwanafasihi angesema hiki ni kinaya: pande mbili zikizozania umeme ilhali jua linawaka juu ya mapaa ya zote mbili.

Nairobi, iliyo karibu na Ikweta, hupata jua mwaka mzima, hata kama mawingu ya Julai hulipunguza makali. Mapaa ya hospitali, masoko na ofisi za kaunti ni mali ya umma. Suala nyeti basi ni hili: nani agharimie mitambo ya sola, na nani abaki na manufaa yake? Aghalabu hutajwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mkopo. Chuo Kikuu cha Strathmore kilitumia mkopo wa benki kujenga mtambo wa kilowati 600 mwaka 2014. Hata hivyo, kaunti si chuo cha kibinafsi. Kifungu cha 212 cha Katiba ya 2010 kinairuhusu kukopa pale tu Serikali ya Kitaifa inapodhamini mkopo huo na bunge la kaunti kuuidhinisha. Mlango upo, ila ni mwembamba.

Njia ya pili ni mwekezaji kugharimia mtambo, kuumiliki, kisha kumuuzia mwenye jengo umeme kwa miaka mingi. Ndivyo maegesho ya jengo la maduka la Garden City yalivyoezekwa paneli za kilowati 858 mwaka 2015. Wengi huisifu njia hii kwa kuwa haihitaji fedha za kuanzia. Kwa upande wa jiji letu, siafikiani nao. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwekezaji anayejua kuwa mteja wake hulimbikiza bili atapandisha bei ili kujikinga na hasara. Isitoshe, mkataba wa miaka 15 au 20 utawafunga magavana ambao bado hawajachaguliwa.

Kwa maoni yangu, njia ya tatu ndiyo bora: kaunti inunue mitambo yake hatua kwa hatua, ikianza na hospitali za Mama Lucy Kibaki, Mbagathi na Pumwani. Kwanza, hospitali hutumia umeme mwingi mchana, wakati uleule paneli zinapozalisha, hivyo haitalazimu kununua betri kubwa za bei ghali. Pili, kanuni za mwaka 2024 humfidia mteja nusu tu ya uniti anazozirudisha kwenye gridi. Faida basi ni ya yule anayeutumia umeme papo hapo, wala si ya ofisi inayofungwa Jumamosi na Jumapili. Tatu, sheria ya mwaka 2023 inaziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayoyakusanya. Kila shilingi itakayookolewa kwenye bili inaweza kununua dawa palepale.

Huenda msomaji akauliza: hospitali inayokosa dawa itanunuaje paneli? Swali hili lina uzito. Lakini bili ya umeme huja kila mwezi, ilhali paneli hudumu miaka 25 hivi. Sharti ni kwamba paa likaguliwe kabla ya kubebeshwa mzigo huo, na kwamba bajeti itenge fedha za kuzisafisha paneli na kubadilisha inveta, ambayo huchakaa mapema kuliko paneli. Mtambo usiotunzwa utakuwa pambo la paa.

Katika haya yote, sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tusijitenge. Katiba inataka umma ushirikishwe, na Kifungu cha 7 kimeifanya lugha yetu kuwa ya taifa na pia rasmi. Hata hivyo, mama muuza mboga anawezaje kuchangia mjadala kuhusu mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza cha mawakili? Riba, dhamana, uniti na fidia ni maneno anayoyafahamu akielezwa kwa lugha yake. Vyama vyetu vina vijana wanaofunzwa tafsiri darasani kila muhula. Na wajitolee kutafsiri mapendekezo ya aina hii kabla ya vikao vya umma, ili anayelipa kodi ajue analipia nini na kwa miaka mingapi. Kazi kwetu.